Mfupa na Ulimi: Mwandishi wa Riwaya za Upelelezi katika Njia ya Kajiado

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda kusini huvuka Mto Athi, hupita Kitengela na Isinya, hufika mji wa Kajiado, na baada ya nyika ndefu huingia Namanga kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania; toka hapo huelekea Arusha. Mjini Arusha, katika jengo la Kituo cha Mikutano ya Kimataifa, palikuwa na mahakama iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, ili kuwahukumu wakuu wa mauaji ya halaiki ya Rwanda. Mahakama hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Miongoni mwa mashahidi wake wa kitaalamu alikuwamo mwanamke Mmarekani ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa wasomaji wa riwaya kuliko kwa wanasheria: Kathleen Reichs, aandikaye kwa jina la Kathy Reichs.

Kwa nini mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili ashughulike na mwandishi huyu? Vitabu vyake havikuandikwa kwa Kiswahili wala havihusu Afrika ya Mashariki. Lakini safari yake ya uandishi, ikiwekwa kando ya ile ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na zote mbili zikitazamwa kutoka nyika za Kajiado, hufichua jambo ambalo wahakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili wamelipita mbio mno. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiokotwa amekufa na hana jina, ni nani amtajaye, mfupa wake mwenyewe au ulimi wa waliobaki hai? Kila riwaya ya upelelezi hujibu swali hili, hata pale mwandishi asipojua kwamba ameulizwa.

Reichs alizaliwa Chicago mwaka 1948, akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika anthropolojia kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1975. Elimu yake ya kwanza ilihusu mifupa ya watu wa kale, ile inayofukuliwa na wanaakiolojia. Polisi ndio waliomgeuza njia, kwa kumletea mifupa ya watu waliokufa juzi na kumwomba aisome kama alivyoisoma ya kale. Akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte, na wakati huohuo akawa mtaalamu wa mifupa katika maabara ya serikali ya jimbo la Quebec huko Montreal. Alikuwa amekwisha kuwa profesa alipoanza kutunga riwaya. Ya kwanza, Déjà Dead, ilitoka mwaka 1997, ikapata tuzo ya waandishi wa hadithi za jinai wa Kanada kwa riwaya ya kwanza iliyo bora. Mhusika mkuu ni Temperance Brennan, naye ni mtaalamu wa mifupa kama aliyemwumba, na kama yeye husafiri baina ya Charlotte na Montreal. Tangu hapo Reichs ametunga zaidi ya riwaya 20 za Brennan. Kati ya mwaka 2005 na 2017 palikuwa pia na mchezo wa televisheni uitwao Bones, uliofika sehemu 246. Katika mchezo huo Brennan naye ni mtunzi wa riwaya, na mhusika wa riwaya zake anaitwa Kathy Reichs. Mzaha wa kioo kukitazama kioo, ambao haukosi maana kwa anayechunguza uhusiano wa mtunzi na kiumbe chake.

Yafaa kutofautisha kazi ya Brennan na ile ya daktari wa maiti, kwa maana katika Kiswahili cha kawaida wote wawili huchanganywa. Daktari wa maiti huhitaji nyama: hupasua tumbo, hupima sumu katika ini, hutazama moyo na mapafu. Nyama ikiisha, kwa moto, kwa maji, kwa muda au kwa fisi, kazi ya daktari hufifia na hapo ndipo mtaalamu wa mifupa huanza yake. Huitazama nyonga ili kujua kama maiti ni ya mwanamume au mwanamke. Hutazama ncha za mifupa mirefu, kwa kuwa za kijana bado hazijashikamana na shina lake. Hupima mfupa wa paja akakisia kimo. Hutafuta mahali palipovunjika zamani pakapona, kwani mfupa uliopona husema kwamba mwenyewe aliishi baada ya jeraha; usiopona hushuhudia jeraha la saa ya kufa. Hutofautisha alama ya jino la mnyama na alama ya chuma. Haya yote ni kusoma, tena ni kusoma kwa maana ya karibu sana na ile ya mtu wa fasihi: kuna maandishi, kuna sarufi, na kuna hatari ya kusoma kisichoandikwa.

Hatari hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfikisha Reichs mbele ya mahakama ya Arusha. Kesi ilikuwa ya Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe. Upande wa mashtaka ulikuwa umemleta mtaalamu wa mifupa, William Haglund, aliyesimamia ufukuaji wa maiti karibu na gereji iliyoitwa Amgar mjini Kigali. Upande wa utetezi ukamleta Reichs aichunguze kazi ya Haglund. Hukumu ilitolewa tarehe 6 Desemba 1999. Kwa kuutegemea ushahidi wa Reichs, mahakama ilisema haikuridhika kwamba njia ya kisayansi iliyotumiwa ilitosha kuyategemea matokeo yake katika kuamua kesi. Mifupa ikawekwa kando. Hata hivyo Rutaganda alipatikana na hatia ya mauaji ya halaiki, akapewa kifungo cha maisha, nayo rufani ya mwaka 2003 haikukiondoa kifungo hicho. Kilichomtia hatiani ni maneno ya walioona: mashahidi waliosimama wakasema nani alikuwapo, nani aliamrisha, nani alipiga.

Msomaji wa riwaya za Brennan huenda akashangaa hapa. Katika vitabu vile mfupa haudanganyi. Watu ndio wadanganyao. Polisi hukosea, majirani huficha, wapenzi hughushi, lakini fuvu likiwekwa mezani husema kweli mwishowe. Mwumbaji wa hadithi hizo, mwaka uleule ilipotoka riwaya ya pili ya Brennan, ushahidi wake ulitumika kuithibitishia mahakama kinyume cha ile raha ya hadithi: kwamba mfupa usiposomwa kwa utaratibu hausemi neno, hata kama wafu wenyewe ni wa kweli na aliyewaua yuko kizimbani. Hakuna aibu katika hilo kwa upande wake, kwani mtaalamu hana budi kuchunguza njia ya mwenziwe, na mshtakiwa yeyote ana haki ya kutetewa. Lakini tukio hili hupima kwa ukali madai ya tapo zima la riwaya. Arusha ilionyesha kwamba baina ya mfupa na hukumu pana daraja, nalo hujengwa na watu, kwa maneno.

Na maneno hayo yalikuwa ya lugha gani? Lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, nao mashahidi wengi wakasema Kinyarwanda kupitia kwa wakalimani. Nje ya jengo, sokoni na kwenye vituo vya mabasi ya Namanga, mji mzima ukasema Kiswahili. Kwa hiyo kesi iliyokuwa na mabishano ya kina juu ya usomaji wa mifupa ilipita katikati ya mji wa Waswahili bila ya kuacha, katika lugha yao, istilahi hata moja iliyokaa.

Sasa yafaa kumgeukia mwandishi wa pili. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa mkaguzi katika Idara ya Afya, akafanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti: mhariri wa Zanzibari tangu mwaka 1948, mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na tangu 1958 mhariri wa Mkulima hata alipostaafu mwaka 1968. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Shirika la Maandishi la Afrika ya Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Alifariki dunia mwaka 1991.

Wahakiki wengi wamekwisha kueleza deni la Bwana Msa kwa Sherlock Holmes: kiko mdomoni, rafiki Najum wa kumshangaa, Inspekta Seif wa kukosea ili mwenziwe apatie. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yamerudiwa mno, na yamewazuia wengi kuuona ule ukaguzi wa afya. Mkaguzi huingia nyumba za watu. Hutazama visima, vyoo, mabirika na nyua. Hujua nani anakaa na nani, nani mgonjwa, mtoto yupi ni wa mama yupi. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi katika kisiwa kidogo hutoka akiwa amejaa habari za nasaba kuliko kadhi. Kama Reichs alivyoitoa Brennan katika maabara, si vigumu kuamini kwamba Abdulla alimtoa Bwana Msa katika nyua hizo. Wote wawili waliandika kutokana na kazi iliyowalipa mshahara, na kwa sababu hiyo wapelelezi wao hawana uzito uleule wa kubuni walio nao majasusi wa wakati wao.

Tena mahali pa kuanzia ni pamoja. Riwaya ya kwanza ya Bwana Msa huanza na maiti: Bwana Ali bin Bwana Marjani ameonekana ameuawa mzimuni, mahali pa wafu wa kale, panapoogopwa na wenyeji. Mtaalamu wa mifupa angepapenda mahali hapo. Lakini Bwana Msa hachukui kipimo wala hafukui kitu. Yeye hukaa, huvuta kiko, huuliza, husikiliza, hukumbuka; na vitabu vyake, kimoja baada ya kingine, hufumbuliwa kwa kujua nani ni ndugu wa nani, nani alizaliwa wapi, nani amefichwa jina la baba. Uchawi hukanushwa kwa akili, lakini akili hiyo chakula chake ni nasaba. Kwa maana hiyo Bwana Msa naye ni mwanaanthropolojia, wa aina ile iandikayo ukoo daftarini; mifupa amewaachia watu wa kale wenyewe.

Njia hiyo ina sharti moja kubwa, nalo ni watu kujuana. Katika Unguja ya hadithi zake siri ya nasaba yaweza kufichwa, lakini haipotei, kwa kuwa yuko bibi mmoja mahali fulani aijuaye. Siri hungoja kuulizwa. Mji ukiwa wa watu wasiojuana, Bwana Msa hana wa kumwuliza, na kiko chake kitazimika.

Kitengela ni mji wa namna hiyo. Ardhi yake ilikuwa ya ranchi ya pamoja ya Wamaasai, ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwenye kipande akaweza kuuza, na wengi wakauza. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ya mwaka 1990 ikaleta viwanda Mto Athi, jirani tu, na wafanya kazi wake wakatafuta vyumba. Watu wakaja kutoka Nyanza, Ukambani, Mlima Kenya, Magharibi na Pwani. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kaunti nzima ya Kajiado kuwa na watu 1,117,840, na sehemu kubwa yao wamo katika miji ya kaskazini iliyoigusa Nairobi: Ongata Rongai, Ngong, Kitengela. Lugha ya kuwaunganisha ni Kiswahili, pamoja na Sheng ya vijana. Kiswahili cha hapo, basi, ni lugha ya jirani asiyejua baba wa jirani yake alikuwa nani. Mwezi wa Aprili 2021 wanaume wanne walitoweka baada ya kula pamoja Kitengela. Miili ya baadhi yao ikaja kutambuliwa Murang'a, kaunti nyingine kabisa. Kisa kama hicho hakifumbuliwi na bibi wa mtaa. Huhitaji alama za vidole, maabara, na daftari la chumba cha maiti lililoandikwa vizuri. Ni mji wa Brennan kuliko wa Bwana Msa, ila aliyekaa ndani yake husoma na kusema lugha ya Bwana Msa.

Si kwamba Kajiado imekosa mifupa. Magharibi ya kaunti hiyo, kando ya njia ya Magadi, ipo Olorgesailie, mahali alipopita J. W. Gregory mwaka 1919 na walipochimba Louis na Mary Leakey tangu mwaka 1942. Mashoka ya mawe yalitapakaa huko kwa maelfu, lakini kwa miaka 60 na zaidi mtu aliyeyachonga hakuonekana hata kidole. Mwaka 2003 kikundi cha Richard Potts kilipata vipande vya fuvu moja, lenye umri wa miaka ipatayo 900,000, na habari zake zikachapishwa mwaka uliofuata. Fuvu hilo lilisomwa, likapimwa, likapewa namba. Wafu waliouawa karne moja tu iliyopita katika nyika hizohizo hawakupata utunzaji wa namna hiyo.

Hapa pana jambo la mila pia, nalo litajwe bila ya kulikuza. Zamani Wamaasai hawakumzika kila mtu. Mwili wa mtu wa kawaida ulitolewa nje ya boma ukaachiwa nyika, na kaburi likawekwa kwa wakubwa kama oloiboni, ambapo kila apitaye huongeza jiwe. Desturi hiyo imebadilika kwa dini, kwa sheria na kwa hati za ardhi, kwa kuwa kaburi limekuwa ushahidi wa milki. Lakini katika utaratibu wa awali mfupa uliolala nyikani haukuwa fumbo la mtu yeyote. Aliyekufa alikwisha kuagwa na jamaa zake kabla ya mfupa wake kuonekana. Fumbo huanza pale mfupa unapotangulia kuonekana, na kuagwa hakujafanyika.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Machi 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua ya Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho Nairobi tarehe 2. Siku iliyofuata mchungaji wa Kimaasai aliikuta maiti katika vilima vya Ngong, ndani ya wilaya ya Kajiado. Ikapelekwa chumba cha maiti cha Nairobi, ikakaa humo kama maiti isiyo na jina. Wakati imelala humo, gazeti moja lilichapisha kwamba mbunge yuko Zambia. Tarehe 11 jamaa zake waliingia, wakamtambua. Bunge likaunda kamati teule, mwenyekiti wake akiwa Elijah Mwangale, na ripoti ikatolewa mwezi wa Juni mwaka huohuo. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Tazama mpangilio wa ushahidi katika kisa hicho. Mtaalamu hakumtaja maiti. Walimtaja jamaa zake, kwa macho yao, baada ya dola na gazeti kusema habari nyingine. Ulimi wa ukoo ulikuja kuusahihisha ulimi wa karatasi. Ni kisa cha Bwana Msa kwa jinsi kilivyotambulika, lakini mwisho wake si wa Bwana Msa, kwa sababu kujua aliyekufa hakukuleta kujulikana rasmi kwa aliyeua. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ya miaka hiyo ilikuwa imeshika njia nyingine. Faraji Katalambulla alikuwa ameiingiza mjini kwa Simu ya Kifo ya mwaka 1965. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimtuma Willy Gamba Nairobi kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Gamba ni mtu wa serikali. Hupiga, hupenda, hushinda, na maiti anazoziacha nyuma hazina wa kuzipima. Katika hadithi ya jasusi mwuaji hujulikana kuwa ni adui wa nje. Swali la mfupa, yaani nani kati yetu amefanya hivi, halina nafasi. Si haki kumlaumu Musiba kwa kutoandika kitabu kingine. Hata hivyo ni kweli kwamba mwaka mmoja baada ya Gamba kuingia Nairobi, maiti iliokotwa Ngong, na tapo la jasusi halikuwa na chombo cha kuishika.

Kisa cha pili ni cha nyika ya jirani, ng'ambo ya mpaka wa Kajiado na Narok. Mwezi wa Septemba 1988 mabaki ya Mwingereza kijana, Julie Ward, yalipatikana Maasai Mara: sehemu ya mguu na taya. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Katika ripoti ya uchunguzi wa maiti, palipokuwa na maneno ya kusema kwamba mfupa umekatwa, paliwekwa maneno ya kusema kwamba umeraruliwa. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1989 uliamua kwamba aliuawa. Grace Musila, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya kisa hiki, ameonyesha jinsi ukweli na uvumi wa Kenya na wa Uingereza ulivyoshindana juu ya mwili huo mmoja.

Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila ya kusimama. Kesi nzima ilining'inia kwenye kitenzi. Kukata kuna mtendaji mwenye chombo na nia. Kurarua kwaweza kuwa kwa simba. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya namna hii: kukata, kuchanja, kupasua, kuchana, kurarua, kutafuna, kuguguna, kuvunja, kuponda. Mchinjaji wa Kajiado hutenganisha maana zake bila ya kufundishwa, na mchungaji wa Kimaasai akisema Kiswahili hujua alama ya fisi mfupani si alama ya sime. Msamiati wa msingi wa mtaalamu wa mifupa umo katika Kiswahili tayari, umekuwamo tangu kale, buchani na machungani. Wanaodai kwamba lugha haiwezi kuibeba elimu hii huangalia majina ya Kilatini ya mifupa na kusahau kwamba mahakamani shauri huamuliwa kwa vitenzi. Kilichokosekana ni ripoti kuandikwa kwa lugha hiyo, ili neno likibadilishwa, jamaa wa marehemu aone kwamba limebadilishwa.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Sheria ya kuunda idara ya taifa ya uchunguzi wa vifo ilipitishwa mwaka 2017, na utekelezaji wake ukakawia. Lugha haikungoja idara. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalifukuliwa makaburi yenye maiti zaidi ya 400, na kwa miezi kadhaa watangazaji wa redio na televisheni walilazimika kusema kila jioni mambo ambayo hakuna riwaya iliyowatayarishia. Wakasema makaburi ya halaiki, kufukua miili, upasuaji wa maiti, mwanapatholojia wa serikali. Kwa kile kinachounganisha mfupa wa mtoto na damu ya mama, wengine walisema vinasaba, wengine chembechembe za DNA, wengine msimbojeni. Mzazi aliyekuja kutoa mate yake apimwe alisikia maneno matatu kwa jambo moja, na huenda hakujua kama ni jambo moja.

Hapo ndipo kazi ya mtunzi na ya mwanaistilahi hukutana. Kamusi yaweza kuchagua neno, lakini neno hukaa kwa kusomwa mara nyingi mahali ambapo msomaji anataka kujua litakalofuata. Wasomaji wa Brennan walijifunza majina ya sehemu za nyonga bila ya kukusudia, kwa sababu mwuaji alikuwa bado hajakamatwa. Wasomaji wa Bwana Msa nao walipata kwa njia hiyohiyo msamiati mpana wa nasaba, wa mirathi na wa mitaa ya Unguja, ambao leo hutumiwa na wahakiki kama hazina. Mtunzi atakayeandika mpelelezi wa mifupa kwa Kiswahili hatakuwa na haja ya kumwiga Reichs. Ya Arusha yamkumbushe asimfanye mfupa kuwa nabii. Ya Ngong yamkumbushe kwamba aliyeingia chumba cha maiti akataja jina alikuwa jamaa wa marehemu. Mpelelezi wake atahitaji kupima paja na kuuliza ukoo, na huenda akakuta kwamba majibu mawili hayapatani.

Mahali pa kumweka hapakosekani. Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado ni mwendo wa saa moja hivi kwa matatu, na katika mwendo huo msafiri hutoka penye nyumba za kupanga za watu wasiojuana akafika penye maboma ambamo kila mtoto hujua ukoo wake na rika la babu yake. Maiti ikiokotwa baina ya sehemu hizo mbili, polisi wa barabarani atauliza kitambulisho, na mzee mwenye ng'ombe atauliza, huyu ni wa nani?